Ukitaka Kujifunza Biashara ya Algoriti, Anza na Jedwali Kabla ya Pesa

Nina steshenari Uyole, hapa Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Wateja wangu wengi ni vijana wa vyuo. Wanakuja kutoa fotokopi, wanaona chati kwenye skrini yangu, na maswali yanakuwa yale yale: "Nianze na shilingi ngapi?" "Roboti gani inalipa?" "Lazima nijue kuandika programu?" Majibu mafupi ni haya: sifuri, sijaiona, mwanzoni hapana. Majibu marefu nimeyaandika hapa, ili nisiwe narudia huku foleni ya watu wa passport size inanisubiri.

Nikuambie mapema kwamba mimi nafanya hivi kama wengine wanavyofuga njiwa. Pesa ya kula inatoka kwenye fotokopi. Kama umekuja kutafuta ada ya muhula ujao, mwongozo huu hautakufaa, na bora ujue sasa kuliko baada ya kuuza simu.

Algoriti ni nini, kwa kifupi

Shangazi yangu wa Mbalizi ananunua mahindi mwezi wa saba, wakati watu wanauza ili walipe madeni ya mbolea. Anayatia dawa, anaweka stoo. Hauzi mpaka bei ya debe ipande wiki mbili mfululizo. Ikifika mwisho wa Februari anauza kwa bei yoyote itakayokuwepo, kwa sababu mahindi mapya yanakaribia. Lini naingia, lini natoka, kwa kiasi gani: hiyo ndiyo algoriti. Yeye kanuni yake iko kichwani. Sisi tunaiandika kwa namna ambayo kompyuta ikiisoma haibaki na swali, halafu tunaijaribu kwenye bei za miaka iliyopita kabla ya kuiamini. Programu inayoifuata kanuni hiyo yenyewe ndiyo vijana wanaiita roboti. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayofungua Google Sheets, jedwali la hesabu la mtandaoni. Simu inaweza, ila vidole vitakuchosha kabla ya akili.
- Akaunti ya Google na bando la kawaida. Bei za miaka tisa ni namba tupu, hazili bando kama video.
- Daftari gumu na kalamu. Usiliruke hili, utaona kwa nini kwenye hatua ya 8.
- Hesabu za kidato cha pili: wastani na asilimia.
- Miezi sita ya kutokuwa na haraka.

Pesa haimo kwenye orodha. Sikuisahau.

Hatua ya 1: Andika kanuni kwa Kiswahili cha kawaida

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kanuni yako kwenye daftari, halafu mpe mtu asiyejua lolote kuhusu soko. Mimi nilimpa mpwa wangu aliyekuwa kidato cha pili. Niliandika: "Nunua bei ikianza kupanda." Akasoma, akaniangalia. "Mjomba, kuanza ni nini? Ikipanda shilingi moja imeanza?" Sikuwa na jibu. Kanuni niliyokuwa naringia wiki nzima ilikuwa maneno tu.

Kwa zoezi hili tutumie kanuni ifuatayo, ambayo haikumwachia swali:

*Kila siku soko likifungwa, piga wastani wa bei za kufunga za siku 20 za mwisho, na wastani wa siku 50 za mwisho. Wastani wa 20 ukiwa juu ya ule wa 50, siku inayofuata niwe nimenunua kwa pesa yote. Ukiwa chini au sawa, niwe nje na pesa taslimu.*

Nimeichagua kwa sababu ni rahisi kuikagua. Sijasema inalipa.

Hatua ya 2: Leta bei

Tutatumia SPY, mfuko unaouzwa New York kama hisa na unaofuata bei za kampuni 500 kubwa za Marekani. Vijana huniuliza kwa nini nisitumie hisa za benki zetu, CRDB au NMB. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam nazipenda, nazinunua kupitia dalali na kukaa nazo. Lakini zipo kampuni pale ambazo zinaweza kupita siku kadhaa bila hisa kubadilisha mikono. Wastani wa bei ambayo haikusogea haukufundishi kitu, na siku roboti ikisema "uza" unaweza kukosa wa kumuuzia. Jifunze kwanza kwenye soko lenye watu wengi.

Fungua jedwali jipya, na kwenye kisanduku A1 andika:

`=GOOGLEFINANCE("SPY","price",DATE(2010,1,1),DATE(2018,12,31),"DAILY")`

Subiri kidogo. Safu ya A itajaa tarehe, ya B itajaa bei za kufunga, zaidi ya mistari 2,200. Sasa fanya jambo ambalo wengi hulidharau: chagua safu zote mbili, nakili, fungua ukurasa mpya ndani ya jedwali hilo hilo, simama A1, bonyeza Ctrl+Shift+V. Hiyo inabandika namba peke yake bila fomula. Faida yake ni kwamba bei hazitabadilika chini ya miguu yako kila ukifungua, na utaweza kupakua faili likiwa na namba halisi badala ya alama za kosa. Kuanzia hapa tunafanya kazi kwenye ukurasa huo mpya. Mstari wa 1 ni vichwa, bei ya kwanza iko mstari wa 2.

Angalizo moja: bei hizi hazijumlishi gawio, ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Kwa mazoezi si neno, ila usije ukatamba mbele za watu kwa matokeo hayo.

Hatua ya 3: Wastani na ishara

Siku ya 50 inaangukia mstari wa 51. Kwa hiyo:

- C51: `=AVERAGE(B32:B51)` ni wastani wa siku 20.
- D51: `=AVERAGE(B2:B51)` ni wastani wa siku 50.
- E51: `=IF(C51>D51,1,0)` ni ishara. Moja maana yake niwe ndani, sifuri niwe nje.

Chagua visanduku hivyo vitatu uviburute mpaka chini kabisa. Hesabu kwa mkono mistari miwili mitatu uone kama inalingana. Ndiyo, kwa mkono. Kosa la kuburuta ni dogo, na linakaa kimya.

Hatua ya 4: Matokeo ya kila siku, na kisanduku kinachodanganya

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu.

- F52: `=B52/B51-1` ni badiliko la bei kutoka jana hadi leo.
- G52: `=E51*F52` ni nilichopata leo.
- H51: andika 1000000, mtaji wa kufikirika wa shilingi milioni moja.
- H52: `=H51*(1+G52)`

Buruta F, G na H mpaka chini, kisha chora chati ya safu H.

Angalia tena G52. Ishara ni ya mstari wa 51, badiliko ni la mstari wa 52. Ishara ya jana, faida ya leo. Ukikosea ukaandika `=E52*F52`, umejipa uwezo wa kuona kesho.

Kuna kijana alikuja mwaka jana, mwaka wa pili chuo, ananong'ona kama mtu aliyeokota dhahabu Chunya. "Kaka, funga mlango kidogo." Akafungua laptop. Kanuni yake ilikuwa fupi: bei ya leo ikiwa juu ya ya jana, niwe ndani; vinginevyo nje. Chati yake ilipanda miaka tisa bila kushuka hata siku moja. Hata moja! Alishapiga hesabu ya kununua gari, Noah, na nadhani alishachagua rangi.

Nikamwomba anionyeshe fomula. Mstari wa ishara ulikuwa ule ule wa badiliko. Maana yake kila siku iliyoisha kwa kupanda, roboti yake ilikuwa imenunua asubuhi; kila siku iliyoisha kwa kushuka, ilikuwa imekaa nje. Ni sawa na kununua viazi asubuhi kwa bei ya asubuhi huku unajua bei ya jioni. Tukarudisha ishara nyuma kwa mstari mmoja. Noah ikaondoka. Alikaa kimya, akaagiza chai ya tangawizi, akaanza upya, na leo yeye ndiye anayenikagua mimi.

Yeye alibahatika, maana kosa lake lilipiga kelele. Kwa kanuni yetu ya 20 na 50, ambayo hubadilisha ishara mara chache kwa mwaka, kosa hilo hilo linaongeza faida kidogo tu. Chati inabaki inafanana na ukweli. Hilo ndilo la kuogopa.

Ukitaka kujiwekea ukali, jaribu pia `=E50*F52`, yaani umechelewa siku nzima. Kwenye maisha halisi hununui kwa bei ile ile iliyokupa ishara, soko limeshafungwa. Kanuni inayokufa kwa kuchelewa siku moja haikuwa hai.

Hatua ya 5: Toa gharama

Kila ukiingia au kutoka kuna anayekula: kamisheni, au ile tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Kwenye kisanduku M1 andika 0.001, yaani asilimia 0.1. Kisha badilisha G52 iwe:

`=E51*F52-ABS(E51-E50)*$M$1`

Buruta chini. Hakikisha E50 haina kitu.

Yule kijana wa Noah, hata baada ya kurekebisha, kanuni yake ilikuwa ikibadilika karibu kila baada ya siku mbili. Mabadiliko 120 kwa mwaka, kila moja asilimia 0.1, ni asilimia 12 ya mtaji inaondoka kabla hujapata chochote. Wafanyabiashara wa nyanya wa Ilula wanaijua hesabu hii vizuri kuliko wasomi wa chati: bei ya shambani na bei ya sokoni zinaweza kupendeza zote mbili, nauli ya lori ikala katikati.

Hatua ya 6: Pima dhidi ya mtu mvivu

Mtu mvivu ananunua siku ya kwanza na kulala. Huyo ndiye mshindani wako.

- I51: andika 1000000.
- I52: `=I51*(1+F52)`

Kama H ya mwisho ni ndogo kuliko I ya mwisho, mvivu amekushinda kwa pesa. Usikate tamaa mapema, kuna kipimo cha pili: ulishuka kiasi gani njiani.

- J51: `=MAX(H$51:H51)` ni kilele ulichowahi kufika.
- K51: `=H51/J51-1` ni umbali kutoka kileleni.

Buruta, halafu popote pembeni andika `=MIN(K51:K3000)`. Namba hiyo ndiyo Kitonga yako: mteremko mkali kuliko yote ambao ungelazimika kuushuka ukiwa ndani ya gari, bila kujua chini kuna nini. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa safu I ya mvivu ulinganishe.

Kwa nini naisisitiza? Ukipoteza asilimia 20, unahitaji kupata 25 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 50, unahitaji 100. Na kwenye karatasi kila mtu ni jasiri. Tazama namba hiyo, igeuze iwe shilingi za mfukoni mwako, uone kama ungelala.

Hatua ya 7: Mtihani wa miaka ambayo hujaiona

Tulichukua 2010 mpaka 2018 kwa makusudi. Miaka ya 2019 hadi 2024 tumeificha, na huifungui mpaka kanuni yako imekamilika kabisa. Ikikamilika, lete bei hizo kwa fomula ile ile, ila anzia Oktoba 2018 ili wastani wa siku 50 uwe tayari mwaka ukianza. Unafungua mara moja. Ukifungua, ukaona mbaya, ukarudi kurekebisha, ukafungua tena, mtihani umeshavuja.

Shida yenyewe ni hii. Ukijaribu wastani mfupi wa siku 5 hadi 50, na mrefu wa siku 60 hadi 250, una jozi 8,786. Kati ya hizo lazima ipo iliyong'ara, hata kama bei zingetoka kwenye kurusha sarafu. Ni kama mkulima wa hapa Uyole aliyepanda mahindi tarehe 23 Novemba saa tatu asubuhi, mvua ikanyesha siku ya pili, akavuna sana; mwaka unaofuata anasubiri tarehe 23 Novemba, saa tatu kamili, na jembe lile lile. Mvua haikusoma kalenda yake.

Njia ya haraka ya kujishika: badilisha namba kidogo. Kama 20 na 50 ni nzuri lakini 19 na 50, au 22 na 55, ni mbaya, umeokota bahati. Kanuni yenye mzizi haiogopi jirani zake.

Miaka hiyo iliyofichwa inafundisha sana. Kuanzia tarehe 19 Februari hadi 23 Machi 2020 soko hilo lilianguka asilimia 34 hivi, na kufikia Agosti mwaka huo huo lilikuwa limeshapita kilele cha zamani. Wastani wa bei huchelewa kwenda na huchelewa kurudi. Angalia safu yako ya E miezi hiyo, mstari kwa mstari. Mimi nilijifunza zaidi kwenye mistari hiyo kuliko kwenye video zote nilizomaliza bando kuangalia.

Hatua ya 8: Miezi mitatu ya daftari na demo

Sasa ishi na kanuni bila pesa. Kila asubuhi andika kwenye daftari: tarehe, bei, ishara, umo au uko nje, na sentensi moja ya unavyojisikia. Sentensi hiyo usiiache. Ukurasa wangu mmoja una maneno: "Inasema toka. Sitoki, itapanda." Hapo sikuwa na hata shilingi ndani, na tayari nilikuwa nabishana nayo.

Ukitaka kuona roboti ikifanya kazi yenyewe, fungua akaunti ya demo, yaani ya pesa za kuigiza, kwenye programu ya biashara ya MetaTrader 5. Ina chombo chake cha kujaribu kanuni kwenye bei za zamani, na lugha yake ya programu inaitwa MQL5. Jua tu kwamba demo ni mpole: oda zinapita haraka na kwa bei safi. Pesa halisi haina upole huo.

Hatua ya 9: Hamia Python, ukitaka

Wakati jedwali limekuwa zito, nenda Google Colab, ambako Python, lugha ya kuandika programu, inaendeshwa kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Pakua ukurasa wako kama faili la CSV, lipe jina bei.csv, lipandishe, kisha:

```
import pandas as pd
bei = pd.read_csv("bei.csv")
bei["fupi"] = bei["Close"].rolling(20).mean()
bei["ndefu"] = bei["Close"].rolling(50).mean()
bei["ishara"] = (bei["fupi"] > bei["ndefu"]).astype(int)
bei["badiliko"] = bei["Close"].pct_change()
bei["matokeo"] = bei["ishara"].shift(1) * bei["badiliko"]
print(1000000 * (1 + bei["matokeo"]).prod())
```

Ile `shift(1)` ndiyo Noah ya yule kijana. Ukiifuta, unaona kesho. Rudisha M1 iwe sifuri kwenye jedwali, ulinganishe H ya mwisho na namba iliyochapishwa. Zikilingana, umeelewa vyote viwili. Zisipolingana, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Hatua ya 10: Pesa halisi, kama bado unataka

Wengi wakifika hapa hawataki tena, na si vibaya. Kwa anayetaka:

Weka kiasi ambacho kikipotea utanung'unika siku moja. Mimi hutumia kipimo cha nauli ya basi kwenda Dar na kurudi. Pesa ya kikoba, ada ya mdogo wako, mbegu na mbolea, visiguswe.

Kabla ya kuongeza shilingi ya pili, toa ya kwanza. Weka kidogo, halafu jaribu kukitoa mpaka kirudi kwenye simu yako. Kuna broka mmoja wa mtandaoni aliyepokea pesa yangu kwa dakika mbili, na akanizungusha wiki saba kuirudisha. Angalia leseni kwenye tovuti ya msimamizi mwenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa chini ya tovuti ya broka. Kwa hapa nchini, msimamizi wa masoko ya mitaji ni CMSA.

Kaa mbali na leveraji, yaani kufanya biashara kubwa kuliko pesa uliyoweka. Broka akikuambia 1:500, dola zako 100 zinabeba biashara ya dola 50,000. Bei ikisogea asilimia 0.2 upande usio wako, 100 zimekwisha. Euro dhidi ya dola husogea zaidi ya hapo siku ya kawaida kabisa. Mwaka 2018 ESMA, msimamizi wa masoko wa Ulaya, ilipoweka ukomo wa 30:1 kwa sarafu kubwa kwa wateja wadogo, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja hao kwenye CFD, yaani mikataba ya kubashiri bei kwa leveraji, hupoteza pesa. Wewe na mimi tumo kwenye hesabu hiyo mpaka tuonyeshe vingine.

Usichukue pesa za watu ukawafanyie biashara. Hata rafiki, hata akibembeleza. Kusimamia uwekezaji wa wengine kunahitaji leseni, na bila leseni kesi inakungoja hata kama ulikuwa na nia njema.

Na usiiache roboti peke yake bila breki. Andika ndani ya programu: hasara ya siku ikifika kiasi fulani, funga kila kitu, simama. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake nane, moja ikabaki na ya zamani. Ndani ya dakika 45 hivi ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Wale walikuwa na wahandisi chumba kizima. Wewe una mimi na daftari.

Ikigoma

*Inaandika #REF! kwenye A1.* Kuna kitu chini au pembeni kinazuia bei zisijae. Futa, au anza ukurasa mtupu.

*Inaandika #ERROR!* Mpangilio wa nchi wa jedwali lako huenda unataka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Badilisha mikato yote.

*Inaandika #N/A.* Umekosea jina la hisa, au mtandao umelegea. Jaribu "NYSEARCA:SPY". Ikitokea kwenye faili ulilopakua, umeruka ile Ctrl+Shift+V.

*Tarehe zimegeuka namba kama 40182.67.* Hazijaharibika. Chagua safu A, weka muundo wa tarehe. Ile 40182 ni tarehe 4 Januari 2010, na .67 ni saa 16:00, New York inapofunga.

*Safu H haisogei, ni namba ile ile mpaka chini.* Huenda hukuburuta E mpaka chini.

*Imepoteza mara sita mfululizo, niibadilishe?* Rudi kwenye jaribio, hesabu mfululizo mrefu wa hasara uliowahi kutokea. Kama ulifika tisa, sita ni kawaida. Kama haukuwahi kuzidi tatu, simamisha, anza kukagua.

*Umeme ukikatika?* Hapa kwetu swali ni lini, wala si kama. Kanuni yetu inaangalia soko mara moja kwa siku, kwa hiyo ukikaa gizani saa nne hupotezi kitu. Ndiyo sababu mojawapo siwashauri wanaoanza kanuni za dakika tano tano. Zima pia ile tabia ya laptop kulala ukifunga kifuniko.

*Roboti imefanya kazi saa isiyo yake.* Hili lilinipata mimi. Nilitaka iangalie bei New York inapofunga, saa tano usiku kwetu, nikaandika 5:00. Kompyuta ikaamka saa kumi na moja alfajiri, Julai, baridi ya Uyole ile, printa ikaanza kutoa karatasi na mke wangu akadhani tumeingiliwa. Kompyuta haijui saa za Kiswahili: andika 23:00. Kama roboti iko kwenye seva inayofuata UTC, yaani saa za kimataifa, andika 20:00, maana sisi tuko mbele kwa saa tatu. Na Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. Nimebandika karatasi juu ya skrini: Machi hadi Novemba 23:00, Novemba hadi Machi 00:00.